Bibi Ushahidi na Kabati Lisilofunga

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini ofisini hakuna aliyelitumia. Wenzake walimwita Bibi Ushahidi, kwanza kwa kumsengenya, halafu mbele ya macho yake, na mwisho hata tarishi akawa anabisha hodi akiuliza kama Bibi Ushahidi yumo. Alikuwamo. Alikuwamo kila mara, nyuma ya meza yenye kikombe kilichong'oka mkono, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua, akisoma ripoti ya mtu mwingine kwa uso wa mtu anayechambua mchele uliojaa mawe.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia programu za serikali za kuzuia watu kujiua. Ndiyo, ipo kazi ya namna hiyo, na inachosha kuliko inavyosikika. Serikali inatoa fedha za umma: hapa pawe na simu ya msaada, pale walimu wafundishwe kumtambua mwanafunzi aliyekata tamaa, kule watu waliotoka hospitali baada ya kujaribu kujitoa uhai wawe wanatembelewa nyumbani. Fedha zikishakwenda, lazima awepo mtu wa kuuliza zimefanya nini, na mtu huyo alikuwa yeye. Ile simu ya msaada alikuwa akiipiga mwenyewe, siku yoyote, aone kama inapokewa na inapokewa kwa sauti gani. Akiletewa picha za semina, alitazama viti vya nyuma. Nyumbani nako hakuwa na simile. Wanawe wakisema wamepiga mswaki, aliomba kunusa. Mumewe, fundi wa majokofu, akimwambia kwamba anampenda, alilijua swali litakalofuata, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja kuosha vyombo.

Watu walicheka, naye aliwaacha wacheke. Wachache ndio waliojua ugumu huo ulikotoka. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa redio, mcheshi kuliko wote pale kwao, ambaye alijaribu kujiua akaokolewa, akarudi nyumbani. Wakati huo programu ilikuwapo tayari, na walikuwapo wahudumu waliolipwa kupita kuwaona watu kama yeye. Hakupita mtu. Ndugu walinong'ona jikoni, majirani wakaambiwa ni homa, na kijana akaachwa peke yake na lile jambo hadi likamshinda. Baada ya mazishi dada mtu alikwenda kuuliza, akaonyeshwa faili. Ametembelewa, hali nzuri. Ametembelewa, hali nzuri. Kuna mtu alikaa kwenye kiti chake akayaandika hayo, tena kwa mwandiko mzuri. Hasira aliyoipata siku ile hakuwahi kuimaliza, na anayetaka kumlaumu amlaumu mbali na mimi.

Kwa hiyo alipokabidhiwa kazi ya ufuatiliaji, jambo la kwanza alilofanya ni kutunga fomu. Kila ziara ithibitishwe kwa saini ya mwenye nyumba na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Pasipo saini na muhuri, hakuna ziara iliyofanyika. Hakuna mtu atakayekaa tena kwenye kiti akamtembelea mgonjwa kwa kalamu. Mkuu wa kitengo aliisifu fomu hiyo, ikasambazwa kila mji, na Bibi Ushahidi akaipenda kama mtoto wake wa kuzaa.

Sasa, mwaka mmoja kamati ya bajeti ilikuja na nia ya kupunguza matumizi, na ndani ya kamati alikuwamo mzee aliyeitwa Mkasi, kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo. Mkasi alikuwa mjumbe kutoka mji wa kiwanda cha nguo. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa, na wanaume waliokuwa wakiendesha mitambo walibaki kushinda vibarazani wakitazama barabara. Kama kuna mji uliohitaji huduma ya kutembelea, ni huo. Lakini kwenye jedwali la Bibi Ushahidi mji huo ulikuwa aibu tupu. Miji mingine ilileta fomu kwa magunia. Mji wa kiwanda haukuleta hata moja.

Ungedhani mjumbe atautetea mji wake. Wapi. Mkasi mwenyewe ndiye aliyetaka huduma ya mji huo ifutwe.

"Hao watu hawatembelei mtu," alimwambia mkuu wa kitengo kwenye simu, kwa sauti iliyosikika hadi chumba cha pili. "Nina sababu ya kujua. Nileteeni ripoti nimalizane nao."

Mkuu alilitua jalada la mji huo mezani kwa Bibi Ushahidi. "Hii nyepesi," alisema. "Ukurasa mmoja unatosha. Kwa fomu yako mwenyewe, hawana kitu."

"Sijawaona."

"Utaona nini zaidi? Sifuri ni sifuri."

"Mimi sifungi kitu ambacho sijakiona, mzee. Unanijua."

Mkuu alimjua, akasaini ruhusa ya safari huku akitikisa kichwa. Tusidanganyane, hakuwa anakwenda kuwaokoa. Alikwenda akiwa na hamu ya kuwafunga kwa mikono yake mwenyewe.

Ofisi ya programu katika mji wa kiwanda ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya maji. Msimamizi wake alikuwa muuguzi mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Sista, mwanamke mnene, mpole, mwenye tabia ya kutazama dirishani akiulizwa jambo asilopenda. Kwenye rafu zilikuwapo fulana za kazi, zimekunjwa vizuri ndani ya mifuko ya nailoni. Kwenye kona ilikuwapo pikipiki iliyofunikwa turubai. Bibi Ushahidi aliinua pembe ya turubai akasoma maandishi makubwa mekundu ubavuni: HUDUMA YA KUZUIA KUJIUA. Matairi hayakuwa na tope hata la kusingizia.

"Mnatembelea watu?" aliuliza.

"Tunatembelea, dada."

"Ushahidi uko wapi?"

Sista akatazama dirishani. "Hizo fomu zinatupa tabu kidogo."

"Kuandika jina na kugonga muhuri ni tabu?"

"Kidogo."

Damu ilimchemka. Aliiona ile faili ya mdogo wake, akauona na ule mwandiko mzuri. Aliiacha chai aliyotengewa bila hata kuionja, akatoka. Angeweza kuuandika ule ukurasa mmoja hapohapo nje, akiwa amesimama, na mkono ulimwasha kweli. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo wenzake hawakuwa wameipa jina: akiwa na hasira, alikagua mara mbili.

Alikwenda hospitali. Hakuuliza kama Sista ni mwaminifu, kwa maana kila mtu mjini angemwapia. Aliomba kujua jambo jingine kabisa: kati ya watu walioletwa pale baada ya kujaribu kujiua, wangapi walirudi wakiwa wamejaribu tena. Hilo halisubiri saini ya mtu. Na asije akadanganyika, ikawa hawakurudi kwa sababu wamekwisha kuzikwa, aliuliza pia kwa msajili wa vifo.

"Zamani tulikuwa tunawajua kwa sura," daktari wa chumba cha dharura alimwambia. Alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. "Unamtibu, anaondoka, baada ya muda unamwona tena mlangoni. Siku hizi hawarudi. Na mitaani wapo, nakutana nao. Mmoja amenikata nywele juzi."

"Tangu lini?"

"Tangu Sista aanze."

Maneno hayo yalikuwa matamu, lakini Bibi Ushahidi hakuwahi kushibishwa na maneno. Alikaa na takwimu za hospitali na za msajili hadi zikakubaliana, na zote zilisema alichosema daktari. Halafu akapiga simu kwenye mji uliokuwa ukiongoza nchi nzima kwa fomu, ule ambao mkuu wake aliutaja kwenye kila hotuba. Pale watu walikuwa wakirudi hospitali vilevile kama zamani. Alipobana zaidi, alielezwa bila aibu kwamba wahudumu huwaita watu wote ofisini kwa mwenyekiti siku moja, wanasaini kwa foleni, muhuri unagongwa, kila mtu anarudi kwake.

Alikata simu akabaki ameshika kichwa. Mji wenye magunia ya fomu haukumsaidia mtu. Mji wenye sifuri ulikuwa unaokoa watu, na yeye alikuwa amekuja kuufunga.

Akarudi kwa Sista, safari hii akabisha hodi vizuri. "Sista, natoka hospitali. Kuna mtu anawatembelea watu wa mji huu, tena anawatembelea sawasawa. Kama si nyinyi, nionyeshe ni nani nikampe hiyo pikipiki."

Sista alicheka kwa mara ya kwanza, mwili mzima ukacheka. Alifungua mlango wa nyuma akamwita mwanamke mmoja mrefu, mwenye mwanya na begi kubwa begani. "Huyu ni mmoja wa wahudumu wangu. Mitaani wanamwita Mama Povu." Ndani ya begi mlikuwa na vipande vya sabuni, vya buluu, vya njano, vya kila namna.

Ndipo hadithi ikatoka. Siku za mwanzo walikwenda na pikipiki na fulana, kama walivyoagizwa. Waliegesha mlangoni kwa fundi bomba mmoja, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unajua kilichompata. Mkewe aliwafukuza kwa ndoo ya maji. Wakaifunika pikipiki. Wakagundua kwamba muuza sabuni hashangazi mtu. Anaingia hadi uani, anakaa, anaombwa ajaribishe sabuni yake, hakuna jirani anayeinua shingo. Wagonjwa waliokubali kutembelewa waliambiwa hospitali, kwa siri, kwamba atakuja mtu wa sabuni. Lakini mtu wa sabuni atagongaje muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti mwenyewe ni shemeji wa nusu ya mtaa?

"Kwa nini hamkuniandikia?" Bibi Ushahidi aliuliza.

"Tulikuandikia, dada. Si mara moja." Sista akatazama dirishani. "Tulijibiwa tujaze fomu. Majibu yalikuwa na saini yako."

Safari hii zamu ya kutoka jasho ilikuwa ya huyu mama aliyezoea kuwatoa wengine. Aliona aibu, aibu ya kweli. Kisha akauliza kama kesho anaweza kubeba begi.

Walikwenda kwa kinyozi. Aliishi nyuma ya duka lake, na uani kwake kulikuwa na beseni kubwa lenye taulo za kazini. Alikuwa ameulizwa mapema kama mgeni anaruhusiwa, akakubali. Mama Povu hakusema habari za programu wala nini. Alikunja mikono ya gauni, akachutama upande wa pili wa beseni, wakaanza kufua pamoja. Kinyozi alisimulia habari za mteja anayetaka anyolewe kwa mtindo wa ujana wake wakati nywele zenyewe zimebaki masikioni. Walicheka. Taulo zikasuguliwa, maji yakamwagwa, mengine yakachotwa. Halafu, kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia bei, Mama Povu akasema, "Na lile wazo la kujiua. Wiki hii limekuja?"

Kinyozi alikamua taulo taratibu. "Lilikuja juzi. Nikaenda kukaa dukani kwa jirani mpaka likapita, kama tulivyopanga."

"Umefanya vizuri sana. Nani mwingine sasa anajua?"

"Kaka. Nimemwambia Jumapili. Kumbe naye alikuwa anaona, anaogopa kuuliza."

Bibi Ushahidi alikuwa ameinamia beseni, na machozi yalikuwa yanadondokea humo. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hii alikuwa amesoma neno ziara mara nyingi kuliko jina lake, na hakuwahi kuiona moja. Hii ndiyo ziara. Hiki ndicho mdogo wake alichonyimwa: mtu wa kuchutama upande wa pili wa beseni na kuuliza bila kunong'ona.

"Msaidizi wako sabuni imemwingia machoni," kinyozi alimwambia Mama Povu.

"Bado mgeni," Mama Povu akajibu. "Atazoea."

Wakati wa kuaga Bibi Ushahidi alimuuliza kinyozi kama angekubali kusaini fomu.

"Saini ningetia," alisema. "Muhuri ndio shida. Mwenyekiti wa mtaa kichwa chake nanyoa mimi, kila Jumamosi. Ningejuaje kama anajitazama kwenye kioo au ananitazama mimi? Walipoitaja hiyo fomu niliwaambia basi msije. Wakaniambia basi fomu ndiyo isije."

Alirudi ofisini na sabuni za kutosha ukoo mzima, maana Mama Povu hakubali msaidizi aondoke mikono mitupu. Aliandika ripoti yake kwa siku kadhaa, na si ukurasa mmoja. Mkuu wa kitengo aliisoma akasimama.

"Sema tu kwamba mji una changamoto zake," alimsihi. "Huduma ibaki, sawa. Lakini fomu usiiguse. Tukisema fomu ni mbovu, tumejivua nguo. Fomu ni ya kwetu."

"Si ya kwetu, mzee. Ni ya kwangu. Nimeileta mwenyewe, nitaiondoa mwenyewe."

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, feni iliyopiga kelele bila kupuliza, na Mkasi katikati, mikono imekunjwa. Bibi Ushahidi alisimama akapiga moyo konde. Alieleza takwimu za hospitali na za msajili, za mji wa kiwanda na za mji wa magunia. Alisema waziwazi kwamba kipimo chake kilikuwa kibovu, kwamba kilihesabu mihuri wakati kazi ilikuwa kuhesabu watu walio hai, na kwamba aliyekitunga ni yeye. Wajumbe walitazamana. Hawakuzoea kusikia mtu wa serikali akijishitaki.

Mkasi hakutikisika. "Maneno mazuri. Nipe jina la mtu mmoja tu aliyetembelewa."

"Sitatoa jina, Mheshimiwa."

"Basi huna ushahidi." Wachache walicheka, maana jina lake la utani lilikwisha kufika hata huko. Mkasi hakucheka. "Mimi nakwambia kuna nyumba pale mjini, naijua, ambayo walitakiwa kwenda. Nyumba hiyo ilisubiri. Hakwenda mtu. Hakwenda hata mbwa."

Mwishoni sauti ilimpasuka kidogo, na Bibi Ushahidi aliitambua, kwa kuwa ilikuwa sauti yake mwenyewe siku ile ya faili. Aliweka karatasi zake chini. Hasira zote alizokuwa nazo kwa mzee huyu zilimtoka.

"Huenda walikwenda, Mheshimiwa, na mwenye nyumba hakujua," alisema. "Hawaendi na pikipiki. Anakwenda mwanamke wa kawaida anayeuza kitu kidogo. Anaingia uani, anakaa, anafanya kazi za nyumba na yule aliyekuja kumwona. Wanapiga soga, wanacheka. Anauliza swali lake moja, anaondoka. Wiki inayofuata anarudi. Baba mwenye nyumba akimkuta, anaona muuzaji tu."

"Anauza nini?"

"Kitu cha kila siku."

"Nimeuliza, anauza nini?"

"Siwezi kukitaja hapa, Mheshimiwa. Nikikitaja, kuanzia kesho hakuna mlango utakaofunguliwa kwa ajili yao. Afadhali mniadhibu mimi."

Feni iliendelea na kelele zake. Mkasi alikuwa anamtazama, lakini ni kama hamwoni tena, anaona mahali pengine kabisa. Mikono yake ilikunjuka yenyewe.

"Hicho kitu," alisema polepole. "Kinatoa povu?"

Wajumbe waliangua kicheko. Mzee kumbe anajua utani. Bibi Ushahidi peke yake hakucheka.

"Siwezi kulijibu hilo, Mheshimiwa," alisema, kwa upole ambao wenzake wa ofisini hawakuwahi kuusikia.

Mkasi akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nyumbani kwangu kuna kabati halifungi," alisema. "Limejaa. Miezi sasa. Nimegombana na mke wangu kwa ajili ya hilo kabati."

Karani wa kamati aliinua kalamu, hakujua kama kabati linaingia kwenye kumbukumbu au haliingii. Hakuna aliyemsaidia. Mkasi alijikohoza, akarudia sauti yake ya siku zote.

"Napendekeza huduma ya mji wangu ibaki, na fedha zake zisiguswe. Na hiyo fomu ya muhuri ikatwe, hapa na kila mahali. Programu hizi zipimwe kama mama huyu alivyopima. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Mkuu wa kitengo, ambaye alikuwa amekuja na uso wa mtu anayesindikiza jeneza, alijikuta anapiga makofi peke yake, na wengine wakamfuata. Bibi Ushahidi alikaa chini akakusanya karatasi zake. Alikuwa ameshinda, na alifurahi mno, wala sina njia nyingine ya kulisema.

Alipotoka, Mkasi alikuwa anamsubiri kwenye ukumbi, amesimama karibu na ndoo ya mfagizi. Alisogea karibu.

"Binti yangu wa mwisho," alisema. "Mama yake aliogopa kuniambia kwamba kuna mtu anakuja. Alijua ningekuja na gari la serikali na mpambe. Nilikuwa naona tu anashinda uani na yule mwanamke, wanafua hata nguo safi. Mimi nikawa nalalamikia sabuni. Nilidhani tuliachwa."

"Kwetu hakuja mtu, Mheshimiwa," Bibi Ushahidi alisema. "Nilikuwa na mdogo wangu. Kwenu alikuja."

Mzee akamshika mkono, akakaa nao kitambo. Mfagizi alisimama kando akisubiri ndoo yake.

"Sasa nikirudi nyumbani nifanye nini?"

Bibi Ushahidi alifikiri. Hakuthibitisha, hakukanusha.

"Ukimkuta mtu anauza kitu mlangoni kwako, nunua."

"Na kabati?"

"Nunua kabati jingine."